Dawa Isiyoua Funza

Jumatatu, 3 Februari

Nimemaliza kupiga dawa ekari ya juu. Bomba linavuja begani, gauni limelowa, ngozi inawasha. Nimeoga mara mbili na bado inawasha.

Pamba imeweka vitumba. Nilipanda kwa mistari, nikapunguza miche, nikapalilia mara tatu. Upande huu wa Nkoma sijaona pamba iliyosimama kama yangu. Naandika hapa kwa sababu nikisema nje wataniona najisifu.

Jumamosi, 8 Februari

Funza. Siku tano tu tangu nipige dawa. Nimepasua vitumba kumi, vinne vina funza ndani, anakula taratibu kama yuko kwao.

Maduhu, mume wangu, alikuja kutazama. Mgongo wake haubebi bomba tangu aanguke akiezeka paa, kwa hiyo kupiga dawa ni kazi yangu. Akasema nimekosea kupima. Mimi niliyemaliza kidato cha nne, ninayemsomea yeye hata barua za kanisani. Imeniuma kuliko funza.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda ghala la chama cha ushirika, walikotupa dawa. Katibu hakuinua hata macho. Akasema dawa ni ile ile kijiji kizima, mwenye funza ajiulize anavyolima. Deo, bwana shamba wetu, alikuwepo. Kijana mpole, hupita mashambani na pikipiki na huwa haishiwi maelezo. Leo maelezo yalimwishia. Akaniambia nipige tena jioni, jua likipoa. Nikapewa chupa nyingine tatu za dawa, zile ekapaki, moja kwa kila ekari.

Ijumaa, 14 Februari

Nimepiga zote. Jioni, kama nilivyoagizwa. Dawa ya mwaka jana ilichoma pua hata ukijifunga kitambaa. Hii haichomi chochote.

Jumatatu, 17 Februari

Funza wamenenepa.

Jirani yangu Milembe naye analia na shamba lake. Alikuja asubuhi, hakukaa. Akasema wanaume wameshakwenda kwa mganga, na mganga amesema kuna mtu anayetazama mashamba yetu kwa jicho baya. Nikamuuliza nani. Akamtaja mayu Holo, mama mjane anayeishi peke yake karibu na lambo, eti macho yake mekundu.

Yana wekundu wa moshi. Mama yule amepikia kuni maisha yake yote. Amenizalisha watoto wangu wawili na mmoja wa Milembe.

Najua kinachofuata mtu akishatajwa kuwa mchawi hapa kwetu. Maduhu alisikia yote. Kazi yake kusema tusiingilie mambo ya watu.

Jumanne, 18 Februari

Nimekwenda Bariadi na kurudi. Nimenunua chupa moja ya dawa ya pamba dukani, jina lile lile la ile ya ghala.

Nimekusanya funza thelathini shambani. Makopo matatu ya plastiki, kumi kila kopo, na majani ya pamba ya kula. La kwanza majani nimeyanyunyizia maji matupu. La pili dawa ya ghala. La tatu dawa ya Bariadi. Kipimo kimoja, kifuniko kile kile. Safari hii nilimwita Maduhu apime yeye kwa mkono wake. Alipima.

Jumatano, 19 Februari

Kopo la Bariadi: wote wamekufa, wamekauka kama nyuzi. Kopo la maji: wazima. Kopo la ghala: wazima, na majani wameyamaliza.

Maduhu aliyageuza makopo moja moja. Halafu akaniuliza mkutano wa chama ni saa ngapi kesho.

Alhamisi, 20 Februari

Nitaandika yote kabla sijasahau.

Afisa kilimo alitoka wilayani na gari. Alituhutubia tukiwa juani, yeye chini ya turubai. Tunapanda kwa kuchelewa. Hatung'oi maotea ya msimu uliopita. Tunachanganya mahindi ndani ya pamba. Tunapiga dawa saa sita mchana. Mengine ni kweli, wapo wanaofanya hivyo. Lakini alitusema kama vile hakuna hata mmoja wetu anayejua jembe. Katibu akawa anatikisa kichwa kukubali. Nyuma yangu wanaume walikuwa wananong'ona jina la mayu Holo.

Nikaenda mbele na makopo yangu, nikayapanga mezani. Nikaeleza lipi ni lipi. Maduhu akasimama, akasema dawa aliipima yeye, mwenye shaka amuulize yeye.

Nikamwambia afisa, "Hawa wa kopo la pili hawajui saa sita wala saa kumi. Hawajachanganya mahindi. Mbona hawakufa?"

Akamgeukia katibu. Katibu akasema makopo yanaweza kuwa yamechezewa. Ndipo Deo akasimama. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze.

"Mama Kabula huyu hajachezea kitu. Mimi nilijaribu hivyo hivyo mwezi uliopita. Nikaambiwa ninyamaze."

Hakusema nani alimwambia. Afisa akafunga mkutano. Sisi hatukuondoka. Wanawake walikwenda nyumbani, wakarudi na chupa zao, wakazipanga mlangoni pa ghala hadi mlango usifunguke.

Nilimtafuta Milembe kwa macho. Alikuwa anatazama chini.

Ijumaa, 21 Februari

Sina furaha. Mwezi mzima Deo alijua. Alinitazama nikibeba zile ekapaki tatu akanyamaza. Watu wanamsifu kwa ujasiri. Mimi bado nina hasira naye. Mama wa watu angeuawa kwa ajili ya chupa ya maji, na yeye anajua.

Jumatatu, 10 Machi

Dawa nyingine imekuja. Inachoma pua. Funza wanakufa, lakini vitumba vya chini vyote vimeshaliwa. Katibu amehamishiwa chama kingine. Hakushtakiwa. Amehamishwa tu, na huko nako kuna wakulima.

Deo alikuja shambani kuomba radhi. Nikamwambia aanzie kwa mayu Holo. Alikwenda. Nilisubiri hadi nilipoiona pikipiki imeegeshwa mlangoni pake.

Jumanne, 20 Mei

Tumeanza kuvuna. Pamba safi ni kidogo, ile chafu ya fifi ndiyo nyingi. Tunachambua tumekaa juu ya turubai uani, kwenye kivuli cha nyumba, nyeupe huku, yenye madoa kule.

Mayu Holo alikuja kutusaidia bila kuitwa. Mikono yake bado myepesi. Baadaye Milembe akapita njiani, akasimama. Kivuli kilikuwa kimeshamwacha mayu Holo, jua linampiga usoni. Milembe akaingia, akashika pembe ya turubai, akalivuta taratibu yule mama akiwa juu yake, mpaka akawa kivulini. Kisha akakaa karibu naye, akaanza kuchambua.

Tulifanya kazi mpaka ng'ombe wakarudi.