Mke wa Mwanangu Aliwaogesha Wanakondoo

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimejifunga aproni isiyo yangu, na naomba unisaidie kabla sijaizoea. Aproni hii ni ya mke wa mwanangu wa kwanza, ni ya buluu, ina mfuko mmoja mbele, na kamba zake zilifungwa kwa kipimo cha tumbo la miezi saba, kwa hiyo mimi zinanizunguka mara mbili. Aliiacha kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni siku alipoondoka, leo ni siku ya kumi na tisa, na nisipoivaa kuna wanakondoo watatu hawanyonyi chupa yangu, wananinusa, wananigeuzia mgongo, wanakaa na njaa yao kana kwamba mimi ndiye mgeni katika banda nililolijenga mwenyewe.

Nijieleze kidogo usije ukanidhania mtu wa kulalamika. Nilianza na kondoo watatu, mmoja wao chongo, miaka kumi na sita iliyopita, wakati mume wangu ni seremala wa kuitwa-itwa na mimi nashona sare za shule, na leo nina majike arobaini na sita, hakuna mtu aliyenipa hata mmoja, na ukoo wa yule Chongo peke yake ni kumi na wawili. Sikusomea ufugaji popote. Mwaka wa kwanza niliwakusanya wachanga wote kwenye kizimba kimoja ili wapate joto, harufu zao zikachanganyika, mama zao wakashindwa kuwajua, nikapoteza wanne kati ya watano, nikalia, nikajifunza. Tangu hapo najua kila jike alipandwa lini na atazaa wiki gani, na mwaka jana katika wanakondoo hamsini na wanane waliokufa ni wawili tu. Kwa hiyo ninapokwambia nimeumizwa, ujue nimeumizwa kwa hesabu.

Sasa huyu binti. Ni mkunga katika hospitali ya mjini, mchapakazi, hilo sikatai, ana miaka miwili ndani ya ukoo wetu na ndiye anayetuletea mjukuu wa kwanza. Msimu wa kuzaa ulipokaribia akaomba likizo aje kunisaidia, akaniambia kwenye simu, "Mama, si kazi ileile? Tofauti yake wa kwako hawanitukani wakishikwa na uchungu." Nikacheka, nikamkaribisha. Siku ya nne ikabidi niende mjini kung'oa jino lililonitesa wiki nzima, nikaondoka saa moja asubuhi, nikamwambia, "Waangalie wanaokaribia, mzee yupo karakana, ukikwama mwite," nikaenda zangu. Nilirudi saa tisa alasiri, shavu limevimba, mdomo umejaa pamba, na kabla sijafungua geti nikasikia majike wanalia kwa namna ninayoijua, ile ya kuita kitu wasichokiona.

Walikuwa wamezaa majike watano, asubuhi moja, wanakondoo wanane, na bandani hapakuwa na hata mmoja. Nikakimbilia jikoni. Wote wanane wamelazwa kwenye kapu la nguo kando ya jiko, kila mmoja na taulo lake, wamekauka, manyoya yamechanuka, na jikoni kote kunanukia ile sabuni ninayoiweka kwa ajili ya wageni. Yeye amekaa kwenye kigoda, aproni imelowa hadi kiunoni, ananitabasamia.

"Mama, pole na jino. Wote wazima. Nimewaogesha, maana walikuwa na uchafu huo!"

Mshauri, huenda hujawahi kufuga, basi nikueleze, ule uchafu ndio kitambulisho chao. Jike humlamba mwanawe saa ile ya kwanza na kuishika harufu yake, na akiletewa mtoto asiye na harufu ile humwona ni wa watu, atampiga kichwa mpaka amvunje mbavu. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa tulipowarudisha. Jike mmoja mzee, tunamwita Bi Mkubwa, aliwapokea mapacha wake, nadhani kwa sababu pua yake nayo imezeeka. Wanne waliobaki waliwakataa wanakondoo sita. Wawili nimewarudisha kwa mama zao kwa kazi ya siku tatu tatu, mmoja akafa, na watatu ndio hawa wa chupa, mara nne kwa siku, chupa kumi na mbili, na mimi ndani ya aproni.

Mume wangu anasema nieleze yote, kwa hiyo naeleza kwamba kati ya wale watano kuna jike aliyekwama, mtoto amekuja na miguu nyuma, na binti alinawa mikono akaingiza, akamgeuza, akamtoa mzima, na pia aliwakamua wote ile dang'a, maziwa ya kwanza mazito, akawanywesha wanane wote kwa bomba la sindano. Sawa. Ndiyo kazi yake.

Nilisema neno la hasira, kama ambavyo mtu yeyote mwenye jino lililong'olewa angesema. Yeye akakaa siku tatu zaidi, akiwanyonyesha wale waliokataliwa, akijibu "ndiyo, mama" na "hapana, mama", kisha mwanangu akaja kumchukua. Hakufunga mlango wa gari kwa kishindo wala nini. Tangu hapo nikipiga simu anapokea mwanangu, eti amelala, eti yupo zamu, mtu gani analala saa tano asubuhi? Na wiki iliyopita mwanangu akaniambia, "Mama, tumeamua akijifungua tutakwenda kwa mama yake." Na mimi nimeshapaka rangi chumba, dirisha linatazama malisho, na mume wangu ametengeneza kitanda cha mtoto, kizuri hujapata kuona, kimebaki kupigwa vanishi tu, lakini amekigeuza kikatazama ukuta na kukifunika gunia, nikimuuliza ananijibu, "Namalizia nini, mama? Mteja ameghairi."

Zimebaki wiki tano binti ajifungue. Nimesoma barua hii tangu juu na naona nimekwepa, kwa hiyo niandike haraka kabla sijaghairi na mimi. Nilichomwambia ni hiki, mbele ya mume wangu na mbele ya mkata manyoya aliyekuwa amekuja kuulizia kazi: "Wewe hujui mama ni nini. Hata huyo uliyembeba utamsugua mpaka usimjue." Akashika tumbo kwa mikono miwili. Akasema, "Nisamehe, mama. Sikujua." Mkata manyoya akainama kufunga viatu ambavyo havina kamba.

Nisaidie. Mtu wa umri wangu, niliyejenga kila kitu kutoka kondoo watatu, nimwendee mtoto aliyeniharibia msimu nimpigie magoti? Au nisubiri mjukuu azaliwe, mambo yapoe yenyewe? Mume wangu kila nikimuuliza anaitazama aproni tu.

Ni mimi,
Mama Kondoo (ndivyo wanavyoniita sokoni)

MSHAURI ANAJIBU

Mama Kondoo, pole kwa jino. Pole nyingine nitakupa mbele huko, tukielewana.

Wewe ni mtu wa hesabu, basi tuhesabu. Ulimwachia binti majike wanaokaribia kuzaa, na maelekezo uliyompa, kwa maandishi yako mwenyewe, ni maneno saba. Nimeyahesabu mara mbili. Ulimwambia akikwama amwite mzee, na hakukwama! Alifanya anachokifanya kila siku kazini, ambapo mtoto akipokewa husafishwa, hufunikwa, hupewa mama yake, na hakuna mama anayempiga kichwa. Hayo ya harufu angeyajulia wapi? Wewe mwenyewe hukuyajua. Mwaka wako wa kwanza ulipoteza wanne kati ya watano kwa kosa ambalo ni ndugu wa kosa lake, naye mwaka wake wa kwanza amepoteza mmoja kati ya wanane. Ukimhesabia jike aliyekwama na mwanawe, ambao bila mkono wake ungewakuta wamekufa wote wawili, sioni ni msimu gani ulioharibiwa. Hilo nalo umelibana katikati ya barua, na hata hapo ukasema ni mumeo aliyekulazimisha. Na ulipolia kwa ajili ya wale wanne, nani alisimama mlangoni akakwambia hujui mama ni nini?

Kuhusu neno lenyewe sitakuzungusha. Lilikuwa baya. Mwanamke mwenye mimba ya kwanza analala na swali hilohilo kila siku, kama ataweza, kama mtoto atampenda, na hata mkunga aliyepokea watoto mia analala nalo, pengine zaidi ya wengine kwa sababu ameona mengi. Ukamjibia, mbele ya mgeni. Naye akaomba msamaha, kisha akakaa siku tatu kuwalisha wanakondoo wako. Mtu anayekimbia haondoki hivyo. Huyo alimaliza kazi kwanza.

Sasa ile pole niliyokuwekea. Mtu asiyetaka mwenzake arudi angewashindilia wale watatu chupa kwa nguvu mpaka wazoee. Wewe kwa siku kumi na tisa, mara nne kwa siku, unajifunga nguo ya binti huyu ili watoto wake wanyonye. Moyo wako ulishakwenda kuomba radhi zamani, mama, unaousubiri ni mguu. Na mumeo ameliona hilo, ndiyo maana anaitazama aproni badala ya kukujibu.

Usisubiri mjukuu azaliwe. Ukienda siku hiyo, wote watajua umemfuata mtoto, na binti atakupokea kama mtu anavyompokea mgeni wa mtoto. Nenda wiki hii, umfuate yeye. Muulize mwanao siku ambayo mkewe hayupo zamu, na usimpe mwanao ujumbe wa kupeleka, hakuwa yeye uliyemtukana. Usibebe zawadi. Usipige magoti pia, maana ukimpigia magoti itabidi aache yote akunyanyue, na atatoa msamaha kwa haraka ili mambo yaishe. Simama mlangoni umwambie, "Nilisema jambo baya juu yako na mtoto wako, na halikuwa kweli. Nimekuja kulifuta." Kisha unyamaze. Neno "lakini" liache nyumbani, na lile jino pia, usilitaje kabisa. Mshukuru kwa jike aliyekwama, umtaje ni yupi, umwambie mwanawe ana uzito gani leo. Najua umeshampima.

Akikuitikia kwa "ndiyo, mama" na "hapana, mama", usivunjike moyo wala usikasirike. Wewe unajua kazi hii kuliko mimi. Wale wawili waliokataliwa uliwarudishaje? Ulikaa nao kizimbani siku tatu, bila papara, ukasubiri. Basi na hapa rudi wiki inayofuata, na inayofuata. Akisema akijifungua atakwenda kwa mama yake, mjibu vizuri, ni haki yake, na umuulize kama utaruhusiwa kwenda kufua nepi. Hizo ndizo za kusugua kwa sabuni mpaka uchoke.

Mwambie mzee akigeuze kile kitanda, apige vanishi. Mteja hajaghairi, alijibiwa vibaya dukani. Na kabla ya msimu ujao andika kwenye mlango wa banda, kwa chaki, yote uliyonayo kichwani, kuanzia "Usiwaogeshe". Kichwa chako si mahali pa kuwekea maelekezo ya watu wengine.

Wale watatu wana wiki tatu sasa. Wanyonyeshe asubuhi, uondoke, na chupa ya mchana ikichelewa watapiga kelele tu, hawatakufa. Wala usiivue ile aproni. Panda nayo gari, watu watakushangaa njiani, waache washangae. Akifungua mlango akuone umeizungusha kamba mara mbili, ina maziwa yaliyokauka mfukoni, inanuka banda na inanuka watoto wake watatu, atakuwa ameshajua nusu ya uliyokwenda kusema kabla hujafumbua mdomo.

Kwa hiyo, mama, usiku wa kuamkia safari, usije ukashikwa na aibu ukaingiwa na usafi.

Usiifue.