Farasi Aliponikataa

Rumonge, ufukoni mwa ziwa, Jumamosi

Kwa dada yangu Zafarani binti Feruzi, uliyenilea, Pangani.

Salamu zangu zikufikie wewe na wote waliomo nyumbani, zikukute macho yako yamepoa na miguu haikusumbui. Barua yako nimeipokea mkononi mwa mpagazi aliyetoka Ujiji. Imechakaa pembeni, lakini maneno yote yamo. Je, shemeji bado anakohoa? Na paa la jikoni mmeliezeka, au mnangoja mvua iwakumbushe? Mimi mdogo wako ni mzima. Natembea, nala, na hii naiandika nimekaa kitako, si kama ile iliyopita uliyosema herufi zake nazo zimelala.

Umeniuliza mambo mawili: mgongo umepona? Na kama umepona, kwa nini sirudi nyumbani nikaachana na farasi wa Wadachi? Nitakujibu yote, ila ukae, maana habari ni ndefu, na ndani yake yumo mtu mmoja ninayemwonea wivu mpaka chakula hakishuki. Sijapata kumwambia mtu neno hili. Nakwambia wewe.

Unakumbuka nilivyoanguka. Asali, yule farasi jike wa bwana mpimaji wa njia, aliteleza ukingoni mwa mto karibu na Minago, nami nikaangukia jiwe. Watu wanne walinibeba kwa machela mpaka hapa. Nililala mkekani siku sitini na moja. Nazijua kwa sababu nilizihesabu, wala hapakuwa na kingine cha kuhesabu ila fito za paa: thelathini na nne, tano zimeliwa na mchwa.

Kabla ya hapo, dada, mimi nilikuwa mtu. Kila juma nilipeleka michoro na barua za bwana mpimaji bomani Usumbura. Natoka Rumonge alfajiri, adhuhuri niko Minago, nalala Kabezi, na kesho yake jua halijapanda nimeshashuka bomani. Mtu wa miguu hutumia siku tatu. Pwani yote hii ya ziwa ina farasi mmoja, na mtu mweusi mmoja aliyempanda, naye alikuwa mwana wa Feruzi, aliyeanza kwa kuzoa mavi ya punda shambani kwa watu. Hakuna aliyenifundisha. Nilitazama kwa macho yangu, nikaanguka mara ishirini na tatu, nikajua.

Basi nilipolala, bwana mpimaji akamchukua Misago. Huyu ni Mrundi, mchungaji wa ng'ombe kutoka milimani Bugarama, makamo yangu, mrefu, mpole wa kukera. Hajapata kuona farasi ila huyu wetu. Nikasema moyoni: siku tatu, atapigwa teke, atarudi kwa ng'ombe wake. Hakupigwa teke. Siku ya tano nikamsikia anapita nyuma ya nyumba yangu, anaimba. Warundi huwaimbia ng'ombe wao majina ya sifa, jina juu ya jina, kama sisi tunavyomwimbia bibi harusi. Asali wangu amempa jina la Gaju, ambalo ni jina la ng'ombe mwekundu. Nikasikia na kwato zinamfuata.

Wakati huo nilikuwa nachuliwa na Mama Tausi, mwanamke wa Kimanyema anayetibu mifupa, mikono yake migumu kama mchi. Nikamwambia achungulie nje.

"Ameshika kamba?"

"Hapana kamba."

"Hatamu je?"

"Iko mikono mitupu, mwanaume. Farasi inamufuata kama mutoto anafuata mama yake." Akanikandamiza kiunoni. "Weye unalia sababu ya mgongo ao sababu ya farasi?"

Nikarudi kuhesabu fito.

Mama Tausi alinichua mara mbili kwa siku, kwanza kwa mawese ya moto, kisha kwa mafuta ya simba. Haya ya simba niliyataka mwenyewe. Mwindaji mmoja aliyevuka kutoka ng'ambo aliyaleta ndani ya pembe ya mbuzi iliyozibwa kwa nta. Ni mafuta yenye nguvu, kila mwenye mgongo huku atakwambia hivyo. Siku ya arobaini nilikaa. Siku ya hamsini na mbili nilisimama. Siku ya sitini na mbili nikaenda bandani.

Nilivaa kanzu safi, nikachukua kipande cha muwa. Asali aliniona kwa mbali akainua kichwa, nami nikafurahi. Nilipofika hatua kumi akatanua pua. Hatua sita, ngozi yake ikaanza kutetemeka, akarudi nyuma mpaka akagonga miti ya banda. Nikamwita jina lake. Akasimama kwa miguu ya nyuma, macho yamegeuka meupe, akapiga ndoo ikapasuka. Farasi niliyemlisha kwa kiganja hiki miaka mitatu!

Wapagazi wawili walikuwa wanapita. Mmoja akapaza sauti: "Fundi, pole! Umerudi safari umekuta mke ameolewa!"

Misago akaja mbio, akasema maneno mawili ya kwao, na yule mnyama akatulia. Kisha akanigeukia. "Amahoro, fundi. Umepona?" Akakaribia, akanusa, akakunja uso. "Fundi, uko na harufu mubaya. Enda uoge, kisha urudi."

Nanuka! Naambiwa na mtu anayejipaka siagi kichwani mpaka nzi wanamsindikiza!

"Umemlisha nini farasi wangu?" nikamwuliza.

"Majani."

"Umemfundisha kunichukia."

"Fundi, mimi sijui kufundisha mambo ile. Oga tu."

Nikaondoka bila kuaga. Nilirudi mara nne nyingine. Nikija asubuhi kabla ya kuchuliwa, Asali ananivumilia mpaka hatua sita. Nikija baada ya kuchuliwa, hata hatua ishirini haruhusu. Hesabu hiyo niliishika vizuri kichwani, mimi mtu wa hesabu, na maana yake sikuiona, kwa kuwa nilikwisha kuamua maana yake ni Misago. Nikasema amemtilia dawa kwenye maji. Jumatatu nikaenda kumshitaki kwa bwana mpimaji.

Bwana mpimaji Kiswahili chake ni kifupi. Akanisikiliza, akafunga kalamu yake. "Uchawi hakuna. Kazi hapa imekwisha. Jumatatu ijayo nahamia Usumbura na farasi. Mtu mmoja atakwenda naye. Ijumaa panda, mpaka kijiji cha wavuvi, na kurudi. Ukiweza, wewe. Ukishindwa, Misago."

Dada, nilitoka pale nikijiuliza neno moja. Nikishindwa, mimi ni nani huku? Mtu wa pwani mwenye mgongo mbovu, asiyelima, asiyevua samaki.

Jumanne, nimelala kifudifudi nachuliwa, Misago akaja akasimama mlangoni kwangu. Nilidhani amekuja kunicheka. Akauliza, "Fundi, ile mafuta ni ya nyama gani?"

"Ya simba. Kwa nini?"

Akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, akacheka mpaka machozi. "Fundi! Kule kwetu mutu amepaka ile hawezi kupita karibu ya ngombe. Zinavunja ua, zinapotea kilima kizima. Na weye unaenda kwa Gaju umevaa simba!"

Mama Tausi akaangusha bakuli. "Ee, Mungu wangu! Mutu wa farasi!" Akakaa chini na kucheka naye. Mgongoni kwangu mafuta yanatiririka.

Mimi, saisi, mtunza farasi kwa miaka kumi na minane! Nilijua farasi humwogopa simba kabla sijajua kufunga kilemba. Lakini simba niliyemfikiria ni yule wa porini. Huyu wa kwenye pembe ya mbuzi nilimwona dawa tu. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Misago aliniambia siku ya kwanza. Lau angeliniambia mtu mwingine yeyote ningelioga siku ileile. Kwa kuwa ni yeye, nikasikia tusi.

Nikajisugua kwa majivu, kwa mchanga wa ziwa, kwa ndimu, kwa sabuni ya mawese. Mara tisa kwa siku tatu. Mkeka niliuchoma, kanzu mbili nilizichoma. Na bila yale mafuta mgongo ukakaza. Jumatano sikuweza kuinama. Alhamisi Mama Tausi ndiye aliyenivalisha viatu, akisema, "Mwanaume, ile farasi itakuua, na mimi nitakuwa nimechua bure."

Ijumaa asubuhi watu wote wa kambi walikuwepo. Misago alikwisha kumtandika Asali. Nilisogea. Asali akaninusa kifuani, akaninusa shingoni, akazunguka akaninusa mgongoni, muda mrefu sana, pumzi yake ikipenya kwenye nguo. Kisha akachukua muwa mkononi mwangu.

Mguu haukufika kwenye kikuku cha tandiko. Nikaletewa sanduku la vyombo vya kupimia, nikalipanda, na kutoka hapo nikampanda farasi, kama ajuza anavyopanda punda. Wapagazi hawakucheka. Nadhani uso wangu uliwatisha.

Tukaenda kwa mwendo wa kawaida, ziwa mkono wa kushoto. Kila hatua ilikuwa msumari. Nilihesabu hatua zake mpaka mia tisa, nikaacha kuhesabu, na hujapata kunisikia nikisema hivyo. Masikio yake yalikuwa mbele yangu palepale yalipokuwa siku zote. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakasimama: "Fundi amerudi! Fundi wa farasi!" Kwenye mchanga mgumu nikamwachia hatamu kidogo, akakimbia kama hatua mia mbili, nami nikalia, na sijui ni maumivu au ni nini. Uso ulikuwa umelowa nilipofika kwa wavuvi, nikasingizia upepo.

Niliporudi bwana mpimaji akatazama saa yake. "Saa mbili kasoro dakika tano. Vema. Wewe." Halafu, mbele ya watu, akaniuliza, "Misago naye aje? Farasi amemzoea. Sema wewe."

Nikageuka. Misago alikuwa ameshika lijamu, na Asali amelaza paji la uso begani kwake, amefumba macho. Miaka mitatu, dada, hakunifanyia hivyo hata mara moja.

Nikasema, "Hapana, bwana. Mmoja anatosha."

Nilijua ni uongo. Tandiko lile sasa siwezi kuliinua, hata ndoo ya maji siinui. Na bado nikasema.

Nilitaka Misago akasirike. Alasiri akaja bandani, akaniita, akaanza kunionyesha mambo ya Asali. Nyuma ya sikio la kushoto ana kidonda kidogo, hupakwa mawese kidogo tu. Hanywi maji mahali walipokunywa ng'ombe. Anaogopa nguo nyeupe ikipepea, basi nikunje kanzu. Ukwato wa nyuma wa kulia uchunguzwe kila jioni. Majani ya bondeni yanamvimbisha tumbo. Akitandikwa apigwe shavuni kwanza, polepole. Na kabla ya kuvuka mto aachwe asimame, autazame mpaka aridhike, ndivyo asivyoteleza. Mambo saba. Hata la mto sikulijua, mimi niliyevunjika kwa ajili yake.

"Umeshika yote, fundi?"

"Nimeshika."

"Murakoze," akanishukuru kwa lugha ya kwao. Akachukua fimbo yake, akapanda njia ya Bugarama.

Ningelipenda anitukane. Jumatatu naondoka na Asali, na nitayafanya yote saba, kila siku, kwa mpangilio aliosema. Nimempata farasi wangu, dada, na kazi nitakayoifanya ni ya Misago.

Kurudi nyumbani, basi, si sasa. Niombee mgongo.

Nisalimie shemeji, mumeo, mwambie anywe asali na tangawizi. Nisalimie shangazi yetu asiyesikia, umpigie kelele jina langu. Nisalimie mwanao mkubwa anayejifunza uashi, na binti yako aliyezaa. Mama mkwe wako msalimie pia, ila habari ya mafuta ya simba usimsomee. Pangani yote itaijua kabla ya adhuhuri.

Mungu akulinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mdogo wako, Hamadi bin Feruzi, saisi, kwa mkono wangu mwenyewe.