Goti la Armel

Vickery Meadow, Dallas
Jumamosi, Novemba 2018

Kwako dada yangu mpenzi Léoncie,

Salamu zangu zikukute umepumzika angalau kidogo, maana najua kulea wazee wa watu usiku kucha huko Sugar Land si mchezo. Shemeji hajambo? Na watoto, bado wanakujibu kwa Kiingereza ukiwasemesha Kiswahili? Sisi huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo kwa hii baridi, lakini hotelini anakwenda kazini kama kawaida, na anasema unga wa muhogo anaokuletea Protais akija huko na gari lake usimpe jirani hata kijiko. Barua hii nimeichomeka ndani ya mfuko wa unga kwa makusudi. Ningekupigia, ila wewe simu huiweka spika jikoni, na haya sitaki yasikike jikoni.

Unajua kwamba tangu mwaka jana naandikia gazeti la chuo habari za michezo. Ulinicheka sana, ukasema mtu ambaye hajawahi kukimbilia hata basi atawaandika vipi wanaokimbia. Nimewaandika, dada. Msimu mzima nilisimama juani kwenye mazoezi ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wao wa kugongana vichwa, mpaka nikajua nani anachechemea kweli na nani anajifanya. Nilijua kwamba mwaka huu timu ikienda kucheza Houston, mwandishi mmoja tu angesafiri nayo, na huyo ndiye mhariri angemwachia dawati la michezo mwakani. Nilishajihesabu kuwa ni mimi. Nilishapanga hata kulala kwako.

Mwezi wa nane akaja Dedan. Ni Mkenya, anakaa Euless kwa shangazi yake, na ana sauti nzito ya redio. Mhariri hucheka hata kabla hajamaliza mzaha wake. Mimi nikileta habari, mhariri hunirudishia imejaa alama nyekundu. Yeye akileta, anaitiwa watu waje wasome. Nilimchukia, dada, nakwambia bila aibu. Nilichukia viatu vyake vyeupe, nilichukia hata jinsi anavyoniita siz. Na makala zake nilizisoma zote, mara mbilimbili, nikitafuta kosa.

Sasa sikia habari ya Armel, mtoto wa Mama Armel, yule Marguerite tuliyekaa naye kwenye kambi ya wakimbizi. Armel yuko kwenye timu yetu. Kazi yake ni kupiga mpira kwa mguu upite katikati ya milingoti, basi, kisha anatoka. Anasomeshwa na chuo kwa sababu ya mguu huo. Mwezi wa tisa, kwenye jumuiya yetu ya sala, baada ya rozari, ilipofika saa ya kila mtu kutaja nia yake, Mama Armel akaomba kwa ajili ya goti la mwanawe. Alisema linavimba kila baada ya mazoezi, kijana anameza vidonge ili aweze kupiga, na hathubutu kumwambia kocha kwa kuogopa kufukuzwa masomo.

Habari hiyo ingenipeleka Houston moja kwa moja. Lakini wewe unajua, kinachosemwa kwenye nia hakitoki nje ya sebule ile. Ndivyo tulivyolelewa. Nikanyamaza, nikaendelea kuandika kwamba Armel yuko vizuri, na nilijiona mtakatifu kwelikweli.

Sasa mama yetu, na huruma yake isiyo na breki, akasikia kuna kijana wa Afrika Mashariki anafanya kazi nami na wazazi wake wako mbali. Akamwalika jumuiya. Dedan si Mkatoliki. Rozari aliishika kama chaja ya simu. Lakini isombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, alikula sahani mbili, wamama wote wakampenda. Na Jumapili hiyo Mama Armel akarudia nia ile ile.

Wiki haijaisha, makala ikatoka ukurasa wa kwanza, jina la Dedan juu yake. Nilimfuata. Nilimwambia kwamba ameiba sala ya watu, kwamba amekula chakula cha mama yangu kisha akatuuza. Alishangaa kabisa. Alinieleza kwamba kwenye sala hakuchukua neno. Kesho yake alimngoja Armel nje ya ukumbi wa mazoezi, akamwambia alichosikia, akamuuliza kama angependa kukisema mwenyewe. Armel alizungumza saa nzima. Kisha Dedan akaniuliza, tena kwa upole, "Siz, mimi nilimuuliza tu. Kwani wewe hukuwahi kumuuliza?"

Sikuwahi. Nililinda siri ya goti lile wiki zote hizo, na mwenye goti sikumwuliza hata unaendeleaje.

Makala ilipotoka, chuo kikampeleka Armel kwa daktari wa nje. Daktari alisema kama angeendelea kupiga mpaka mwisho wa msimu, asingepiga tena maishani. Amepumzishwa, na masomo yake hayakuguswa. Dedan akaenda Houston na timu. Mimi nikapelekwa kuandika mashindano ya kuogelea. Ndiyo maana wikiendi ile hukuniona, na yale mafua niliyokwambia sikuwa nayo.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Juzi Mama Armel alikuja, mama akiwa kazini. Yeye Kiingereza hasomi, na Armel anakaa chuoni, hakumwambia kwamba alizungumza na mtu. Alichosikia kwa watu ni kwamba gazeti la chuo ndilo lililomwokoa mwanawe, na kwake yeye gazeti la chuo ni mimi, Belyse. Alisimama mlangoni na kitenge kipya cha zawadi mikononi, akaniuliza kama ni mimi niliyeandika.

Nikasema ndiyo.

Usiniulize kwa nini. Au niulize, nitakujibu: sikuweza kulitamka jina la Dedan mbele ya mama yule. Nilihisi akilisikia atampenda kuliko anavyonipenda mimi aliyenibeba mgongoni kambini. Wivu, dada, hakuna jina jingine.

Kisha akaniomba nimsomee. Tukakaa kwenye kochi, nikafungua gazeti, dole gumba nikaliweka juu ya jina la Dedan, nikawa nasoma Kiingereza kwa macho na kusema Kiswahili kwa mdomo. Ni makala nzuri, lazima nikiri. Mama Armel alisikiliza ametulia, akitikisa kichwa. Nilipofika katikati, pale Dedan anapoeleza nguvu ya mguu ule, niliona Dedan hajui ulikotoka, na maneno yakanitoka tu. Nikasema kwamba kabla timu haijaujua mguu huu, kulikuwa na mama kambini aliyekuwa akiukanda kila jioni kwa mafuta ya mawese ili mtoto apate nguvu ya kusimama. Mama Armel akajifunika uso na kitenge, akalia. Aliniomba nirudie hapo. Nikarudia. Akaniomba tena.

Maneno hayo hayamo gazetini, dada. Ni yangu.

Kesho jumuiya iko kwetu. Mama Armel amesema atalitaja jina langu kwenye nia ya shukrani, na Dedan atakuwepo, mama amemwalika tena. Nitasimama kabla hajalitaja, niseme ukweli mbele ya wote, na najua watakavyonitazama. Protais anaondoka alfajiri, kwa hiyo utakapofungua unga huu nitakuwa nimeshasema. Makala nitamrudishia Dedan, na kitenge pia, akashonewe shati. Sentensi ile simpi. Jumatatu nitakwenda kwa Armel kumuuliza habari za goti lake, na za kambini, na zote nitaziandika mwenyewe.

Mbusu kila mtoto kwa niaba yangu na mpe shemeji pole ya kazi. Mama anakusalimu, na anauliza ni lini utakuja kumwona. Mungu akulinde barabarani unapotoka kazini na usingizi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Belyse