Kasafiri

Kwako dada Mwajabu,

Asalaam aleikum. Namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, na mgongo uwe umepoa baada ya kupalilia mpunga. Hadija hajambo? Mwambie mama yake mdogo anamkumbuka, hata kama yeye hunikumbuka akitaka viatu tu. Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Nimempa Mwalimu Wilhelmina akuletee barua hii Mahege mkononi, kwa sababu simu siku hizi siiamini. Nimemwambia ni habari za posa, kwa hiyo akikutazama sana usishangae.

Unakumbuka nilivyozunguka kwa ajili ya tasnifu yangu, nikiwauliza kina mama wa Kibiti ambao waume zao walichukuliwa miaka ile, wanakaaje eda isiyo na siku ya kuanza. Nawe ulikuwa mmoja wao, ukanitania kwamba nimesoma hadi namhoji dada yangu kama karani wa sensa. Nilipouliza mume yuko wapi, wote mlinijibu neno moja: kasafiri. Mimi ni mtoto wa huko, nalijua. Nikaeleza chini ya ukurasa kwamba ndivyo wanawake wanavyosema mbele ya wasiowaamini, na maana yake ni kwamba mume alipakiwa kwenye gari na watu wasiojitambulisha, hakurudi, wala kaburi lake halijulikani.

Mwezi uliopita msimamizi wangu, Dk. Elinipendo, aliniita ofisini kwake. Nilimkuta na bwana mmoja ambaye hakutajwa jina wala kazi, lakini ndiye aliyekalia kiti cha Daktari. Alikuwa mpole, dada, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema utafiti wangu ni mzuri, niondoe tu yale maelezo ya chini, neno lenyewe niliache kama lilivyo. Nikamwambia likibaki peke yake litadanganya. Akacheka kidogo.

"Wenyewe si wanasema wamesafiri? Wewe nani uwabishie?"

Neno mlilojifichia ndilo analotaka kulifanya ushahidi kwamba hakuna aliyechukuliwa. Akaongeza kwamba nikiona ugumu, basi nipeleke sauti zote nilizorekodi wakazisikilize wenyewe. Dk. Elinipendo muda wote aliangalia mikono yake. Baadaye aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ana watoto wanaosoma, nisimwingize matatani. Simlaumu sana, ingawa namlaumu.

Tangu siku hiyo kila pikipiki ikisimama nje ya hosteli nadhani zamu yangu imefika. Majina yenu niliyabadilisha kwenye karatasi, lakini sauti ya mtu haibadilishwi, na atakayewasikia atawajua. Basi nikaandika kwamba naacha masomo, na sauti nikazifuta zote, kwenye simu, kwenye kompyuta, kila zilikokuwa. Walikuja kweli, wakaondoka na kompyuta.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mwanzo wa barua. Simu yako ilipotumbukia mtoni ulinipigia ukilia, ukashukuru kwamba siku ya mahojiano ulinisikilizisha, nami nikirekodi, ule ujumbe wa sauti wa shemeji Bushiri akiwa sokoni. Ukaniomba nikutunzie, Hadija akikua aijue sauti ya baba yake. Nilitaka kuubakiza huo peke yake. Lakini juu ya sauti yake inasikika yako, unalia na kuwataja waliomchukua. Niliogopa, dada. Nikaufuta nao. Sauti ya shemeji haipo tena popote, na aliyeiondoa ni mimi. Sijui nikuombe radhi kwa maneno gani.

Kwa hiyo naandika hapa kile nilichokatazwa kukiandika kule: shemeji hakusafiri. Alichukuliwa.

Kesho alfajiri naondoka hapa. Niendako sikitaji, afadhali usijue. Akija mtu kuniulizia, mjibu kama mlivyozoea, Warda kasafiri. Mara hii itakuwa kweli.

Nisalimie mama, umwambie dawa ya presha asiiruke. Wasalimie na majirani wote wanaoniulizia kwa wema. Na Hadija akidai sauti ya baba yake, msemee wewe, kwa mdomo wako: "Mama Hadija, nichukue nazi au unazo?" Halafu ucheke, kama alivyocheka yeye.

Mdogo wako akupendaye,
Warda