Jina Lililokushinda Kuimba

Papa,

Wenzangu huanza barua ya namna hii kwa kuandika "mpendwa." Nimejaribu mara mbili na kalamu imekataa. Pokea hilo "Papa" peke yake, maana hilo halina ubishi, na unisikilize mpaka mwisho. Ulizoea kusikilizwa wewe. Leo ni zamu yangu.

Mama tumemzika. Ulimtangulia miaka tisa, kwa hiyo labda mmekwisha kuonana huko. Lakini namjua mama: amekusalimu, amekuuliza kama umekula, akanyamaza. Ndiyo sababu naandika mimi.

Kwanza nikupe habari ya kukufurahisha, usije ukasema binti yako ana roho mbaya. Hapa Uvira wewe wa jukwaani, Papa Kofia, hujafa. Wenye pikipiki wanapiga nyimbo zako kwenye simu zao asubuhi wakingoja abiria. Juzi mtaani Kilibula nilikuta watoto watatu, wote wamezaliwa ukiwa umeshaondoka. Mmoja alikuwa amevaa sufuria kichwani kuwa ndiyo kofia yako, anaiga yule afisa wa mpakani uliyekuwa ukimwigiza, anayetafuta muhuri mifuko yote, kumbe ameuuma mwenyewe kwa meno. Nilicheka mpaka nikaweka kikapu chini. Hilo ndilo linaniudhi zaidi, Papa. Nina hasira yote hii na bado unanichekesha.

Wala siulizi kwa nini watu hawakuachi. Nilikuwepo. Jumapili mchana, katika sali, ule ukumbi wa parokia, ulikuwa unaingia kwa mlango wa wageni na suruali yako fupi, umechelewa makusudi, unatafuta kiti. Ulijikwaa kwenye miguu ya katekista, ukaomba msamaha kwa kiti kitupu. Watu walicheka mpaka machozi. Machozi hayajakauka, ukachukua gitaa na kuimba "Fungua mlango," na watu wakaendelea kulia kwa sababu nyingine. Kila mwenye mtu aliyempoteza alidhani unamwimbia yeye. Ulipopanda milima ya Bijombo kwa miguu, gitaa ndani ya gunia, wafugaji walikuzuia wiki nzima na kukunywesha maziwa mpaka ukateremka na mashavu. Na wakati watu walipovuka ziwa wakikimbia vita, waliacha magodoro, waliacha mbuzi, lakini wimbo wako walikwenda nao. Mama mmoja aliniambia kwamba kule kambini ndio uliokuwa unalaza watoto wake. Sikunyang'anyi hayo. Uliwapa watu kitu na wakakitunza.

Lakini ndani ya wimbo ule kuna jina.

"Fungua mlango, nimerudi mikono mitupu, Furaha." Hapo gitaa linanyamaza, ngoma inapiga mara nne, wewe unainua kofia, na watu wote wanaitika "Furaha!" Mara tatu. Hakuna mtu wa ufuko huu asiyejua kuitika hapo. Hata mimi mdomo wangu unafunguka wenyewe.

Unakumbuka siku ulipoleta ile kaseti? Ulitoka kuirekodi Bujumbura, vumbi la lori mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa uani anaanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Uliweka redio juu ya kinu, ukamwambia asikilize wimbo wake. Alisikiliza amesimama, mikono ina magamba. Jina lilipofika aliinua kichwa.

"Furaha ni nani?"

"Ni weye."

"Miye haiko Furaha."

"Jina yako iko murefu, mama. Inakwama mu micro ya kuimbia. Ngoma inapiga ine tu."

"Na weye unaniita namna gani hapa nyumbani?"

"Hapa haiko mu concert," ukasema, ukacheka, ukanigeukia mimi nicheke nawe. Nami nikacheka. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nakupenda kupita kiasi. Mama alitutazama wote wawili, akarudi kwenye ndagala zake. Kicheko kile sijajisamehe mpaka leo.

Aliitwa Nshimirimana, yaani namshukuru Mungu, kwa Kirundi. Naliandika lote ulione lilivyo. Alipewa na baba yake, mkulima wa Runingu, kwa sababu alizaliwa baada ya watoto watatu waliokufa, na mzee hakuwa na neno lingine la kumwambia Mungu isipokuwa asante. Wewe ulilijua hilo. Ulikwenda kumposa kwa jina hilo, padri akawafungisha ndoa kwa jina hilo. Ukalipita kama mtu anavyopita jiwe njiani.

Huko mjini ilikuwaje? Ulikuwa unasafiri, hukuona. Watu walisikia wimbo, wakajua Papa Kofia ana mke mmoja, wakajumlisha. "Mama Furaha, leta ndagala." "Mama Furaha, jambo yako." Mwanzoni alikuwa anawarekebisha. Wakacheka, wakadhani anajifanya mnyenyekevu, maana nani anakataa kuwa mwanamke wa wimbo kama ule? Mwisho akachoka akawa anaitika. Shuleni waliniita mtoto wa Furaha. Jirani akazaa binti akampa jina la Furaha kwa heshima ya mama yangu, akaja kumwonyesha. Mama alimpakata yule mtoto, akambariki. Mji mzima ulimpenda mama, Papa, na hapakuwa na hata mmoja aliyemwita kwa jina lake.

Nilimuuliza siku moja kama haimuumi. Akasema, "Umuache. Muntu ya kuimba anaimba." Nikamwamini. Nilipenda kumwamini, kwa sababu ilinipunguzia kazi ya kukuchukia.

Mjomba wa Runingu hakuamini kamwe habari ya ngoma kupiga mara nne. Kwenye kilio cha mama alinivuta pembeni akasema, "Baba yako aliogopa. Jina ya Kirundi ku jukwaa ya Uvira, miaka ile ya chuki ya makabila, batu bangenuna." Nikakutetea. Ndiyo, nilikutetea, kwa mazoea. Nikasema baba alikuwa fundi, na wimbo una vipimo vyake. Mjomba akanitazama tu kwa huruma, akaenda kukaa.

Sasa nikueleze siku za mwisho. Mama alilazwa wiki mbili. Muuguzi alikuwa msichana mchangamfu, mikono myepesi, sina neno baya juu yake. Alipoambiwa mgonjwa ni nani alipiga makofi, akamwimbia ule mstari taratibu huku anamfunga mkono kupima damu, kisha akaandika kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa: Mama Furaha. Mama alikuwa hawezi tena kuinua kichwa. Aliniita kwa kidole.

"Uko unaona venye anaandika?"

"Naona, mama."

"Ubaambie jina yangu. Nisiende na ya muntu mwingine."

Miaka yote ile ya "umuache," Papa, na hilo ndilo alilokuwa amelibeba. Hakuomba padri kwanza. Hakuomba maji. Niliweka fishi mbele ya yule muuguzi, akaona aibu, akakata, akaandika upya. Mama akafa siku ya tatu baada ya hapo.

Tulipofika makaburini vijana wa mtaa walikuwa wametutangulia. Walikuwa wamejitolea wenyewe, wamechimba, wametengeneza msalaba, wameupaka rangi nyeupe, na juu yake kwa herufi nzuri nyeusi: MAMA FURAHA, na kofia ndogo imechorwa pembeni. Kofia yako. Juu ya kaburi la mama yangu.

Nilipiga kelele. Watu walidhani ni uchungu wa msiba, wakanishika. Kijana aliyeuandika alikuwa analia kuliko mimi. "Tantine, si ndivyo aliitwa?" Ningemjibu nini? Padri alikuwa anangoja, jeneza lilikuwa limeshashuka. Tukauchomeka hivyohivyo. Nilirudi nyumbani nimemzika mtu wa kaseti, na mama yangu aliyeniomba neno moja tu nimeshindwa kumpa.

Kesho yake nilikwenda ufukoni kwa fundi anayeandika majina ya mitumbwi. Nikampa jina la mama kwenye karatasi, aliandike kwa ajili ya msalaba. Akapima ubao kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Tantine, hii jina iko murefu. Haitaenea ku mbao."

Yalikuwa maneno yako yale yale. Nikamwambia aongeze ubao. Akanitazama, akacheka kidogo, akasema, "Ee, inawezekana." Akachukua msumeno. Hata saa moja haikupita, Papa. Alikata ubao mwingine, mrefu zaidi, akaugongomea, akaandika, na nafasi ikabaki pande zote mbili. Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa nikimtazama anavyopuliza rangi ikauke, na hapo ndipo nilipokukasirikia kwelikweli. Kabla ya hapo nilikuwa nanung'unika tu.

Jumamosi iliyopita tulimaliza kilio. Turubai lilijaa mpaka barabarani. Kikundi cha vijana kilikuja na gitaa na ngoma kukupiga wewe, maana kwa watu hawa hakuna namna nyingine ya kumuaga Mama Furaha. Mpigaji wao amevaa kofia. Walipoanza "Fungua mlango" nilinyanyuka, nikaomba micro. Watu wakashangilia: binti wa Papa Kofia anaimba. Nilimwendea mpiga ngoma nikamwambia sikioni, "Pale ku jina, usipige ine. Piga sita." Akasema, "Tantine, chanson haiko hivyo." Nikamwambia, "Leo iko hivyo."

Sauti yangu unaijua, si kitu. Niliimba mstari mpaka mwisho, gitaa likanyamaza, nikaingiza jina la mama. Mara ya kwanza watu waliitika "Furaha!" wakanigonga katikati, ikawa vurugu, wengine wakacheka. Nikarudia. Mara ya pili walinyamaza. Mjomba peke yake aliitika kutoka nyuma, sauti ya mzee, imekatika. Mara ya tatu niliona wanawake wa sokoni, wale wale wa "leta ndagala," wanatazamana, mmoja anamuuliza mwenzake, mwenzake anatikisa kichwa ndiyo. Na wakaliimba. Lote. Nshimirimana, kutoka turubai mpaka barabarani, ngoma inapiga sita, na yule kijana wa msalaba analiimba kuliko wote.

Jina liliingia, Papa. Halikukwama kwenye micro. Lilikaa pale kama limetengenezewa mahali, na wimbo ukawa mzuri zaidi, nakuapia, kwa sababu ile pumzi inakaa kidogo kabla ya kushuka. Wewe ulikuwa fundi, ungeisikia mara moja. Ninavyofikiri sasa ni kwamba uliisikia. Ulikaa na gitaa lako Bujumbura ukajua ni mapigo mawili tu ya kuongeza, ukaangalia watu wako uliokuwa unawapenda, ukahesabu nani atanuna, ukamwacha mama nje ya mlango wa wimbo wake mwenyewe. Kama nakusingizia, ungesema ukiwa hai. Ulikuwa na muda wa kutosha.

Vijana wameniomba kofia yako waiweke mahali watu watakapoiona. Nimewapa, na suruali fupi pia. Watakuiga vizuri, na mimi nitakwenda kucheka, siwezi kujizuia. Lakini wimbo ule nimewaambia unapigwa sita kuanzia sasa. Jana jioni kijana mmoja wa pikipiki alipita mbele ya nyumba anaupiga mluzi, na pale kwenye jina akaongeza mawili.

Lala salama, Papa. Ukimwona mama, mwite.

Ni mimi,
binti wa Nshimirimana