Kutu ya Lori la Baba

Jumatatu, 3 Juni

Mlango wa kushoto tena. Saa moja na nusu asubuhi, umande bado. Kutu ikilowa ndipo rangi zake hutoka: chungwa, kahawia, damu ya mzee, na pale rangi ya zamani ilipobanduka, buluu kidogo. Nimesogea hadi pua ikakaribia kugusa bati. Ukiwa karibu hivyo hakuna lori. Kuna mito, kuna visiwa. Ndivyo ninavyotaka, picha isiyosema ni ya kitu gani.

Nimepata nne nzuri. Zingekuwa saba. Jua lilipopanda Mama kaja na chai, kasimama nyuma yangu kama kawaida yake, kivuli chake chote mlangoni. Nikamwambia, "Mama, sogea, unaniharibia." Kasogea. Dakika mbili hazijaisha, karudi palepale. Anataka kuona ninachokiona. Picha tatu zimeingia kwenye faili la Mbovu. Faili hilo linazidi kunenepa kwa ajili yake.

Chai ilikuwa imepoa. Nimeinywa hivyohivyo. Kisha bodaboda kutoka Kyimo hadi Tukuyu, kufungua studio. Picha za pasipoti kumi na moja, na bwana harusi mmoja aliyefumba macho kila nilipobonyeza.

Alhamisi, 6 Juni

Yule dada wa Dar kapiga simu. Anaandaa maonyesho ya picha mwezi wa nane. Anataka kumi na mbili zangu. Nimekaa chini kwanza.

Nilikuwa nimemtumia magari mafu ya wilaya nzima: pikapu ya Masoko iliyoota migomba kwenye bodi, basi la Kiwira linalolala kuku. Kayaacha yote. Anataka la Baba tu.

Mjini wananicheka. Mama lishe jirani na studio kaniuliza mbele ya wateja wake, "Atu, watu wazuri wameisha Tukuyu nzima hadi unapiga kutu?" Nikacheka nao. Moyoni sikucheka.

Lori la tani saba. Lilibeba makaa ya mawe ya Kiwira na ndizi zetu za Kyimo hadi injini ikafa nikiwa darasa la sita. Baba na wanaume kumi wakalisukuma nyuma ya nyumba, "kwa muda tu". Juu ya kioo aliandika kwa mkono wake NDAGA KYALA, asante Mungu. Zimebaki herufi nusunusu. Nimezipiga kipande kipande, hakuna atakayezisoma. Baba mwenyewe amelala hatua tatu kutoka gurudumu la nyuma, mwaka wa tano sasa.

Jumatano, 12 Juni

Hospitali. Uvimbe wa Mama uko kwenye ini. Daktari aliongea akitazama kalamu yake. Hakuna dawa ya kuuondoa, tukae naye nyumbani tu.

Njiani Mama kataka maparachichi. Kayachagua mwenyewe, kabonyeza moja moja, kamgombeza muuzaji. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni kama mzigo.

Jumapili, 16 Juni

Kikao baada ya ibada. Baba mdogo, kaka Gwakisa kutoka kiwanda cha chai, mashangazi wawili. Mama kalala chumbani.

Baba mdogo alizunguka kama watu wazima wanavyozunguka. Uwanja umejaa vyuma. Watoto watajikata. Wageni wakija watakaa wapi? Nikauliza, wageni gani? Shangazi mmoja akaanza kukunja pindo la kitenge chake.

Gwakisa ndiye aliyenifuata nje. Kanionyesha kwa kidevu tu. "Upande ule wa Baba wamelala babu na bibi. Upande huu kuna lori."

Kwetu mke hulala ubavuni mwa mumewe. Najua hilo tangu utotoni. Nimelala chali chini ya lori hilo nikitafuta mwanga, nimelipiga mvua na jua, na sikuwahi kuona kwamba limeegeshwa juu ya kaburi la Mama.

Jumatatu, 17 Juni

Nina hasira. Kuliondoa sasa ni kumchimbia mtu ambaye asubuhi hii kanywa uji bakuli zima na kulalamika kwamba haukuwa na sukari.

Nimempigia baba mdogo. Nimemwambia maonyesho kwanza, lori halisogei hadi mwezi wa nane. Najua ninajificha nyuma ya maonyesho. Najua, na siliondoi.

Picha tisini leo. Mwanga safi, hakuna wa kuniharibia. Chai haikuja. Hakuna hata moja iliyofaa.

Jumamosi, 29 Juni

Gwakisa kamtuma Fundi Hemedi, mchomeleaji wa mjini. Babu yake alitoka Kilwa akaja kuuza nguo huku, hakurudi tena. Alipofika alisimama kwanza kwenye kaburi la Baba, kainua mikono, kaomba dua yake. Kisha kalizunguka lori akiligonga kwa kidole. Siku moja ya kulikata kwa gesi inatosha, kasema.

Nikamwambia lori limeshauzwa, mteja anatoka Dar. Uongo mtupu, na magurudumu yamezama ardhini hadi nusu.

Kanitazama. "Sawa, dada. Mzee aliwahi kunibeba bure kwenye hili, mimi na mashine yangu. Ukiwa tayari niite, hata alfajiri nakuja." Hakuniita mwongo. Afadhali angeniita.

Jumatano, 10 Julai

Mama hainuki tena kitandani. Miguu imevimba, uso umebaki macho.

Leo nimemletea zile kumi na mbili, nikazitandaza juu ya blanketi. Nilitaka ajue kwa nini nilikuwa namfukuza kwenye mwanga. Kaziangalia muda mrefu, kwa adabu, kama mtu anayeangalia mtoto mchanga mbaya. Moja kaigeuza juu chini. Akauliza, "Hii ni lamani ya wapi?"

Ramani. Miaka miwili ya kazi yangu, na mtu aliyeosha mlango huo kila Jumamosi hakuuona. Nina picha elfu na kitu za lori la Baba na hakuna hata moja yenye lori.

Kisha kasema, bila kuzunguka kama wenzake, "Atu. Gali la baba yako limelala mahali pangu." Ulimi wa Mama haukuwahi kuelewana na r. "Mwite Hemedi. Aje nikiwa bado nasikia. Nataka nilisikie likiondoka."

Kumbe alijua siku zote. Sisi ndio tulikuwa tunajificha. Nimetoka nje nikalia nimeshika bampa kwa mikono miwili, nikarudi ndani na viganja vyekundu. Mama kavitazama. "Ndaga, mwanangu," kasema. Nikampigia Hemedi.

Jumatatu, 15 Julai

Hemedi alifika na mitungi ya gesi kabla ukungu haujaondoka. Kasema bismillahi kwa sauti, kawasha. Kichwa cha lori kwanza, kisha bodi, mwisho chesisi. Mlango wa kushoto ulianguka kwenye nyasi, haukupiga kelele kubwa. Kamera ilikuwa shingoni mwangu kutwa. Sikupiga hata moja.

Alasiri wakapakia vipande kwenye gari lake. Niliingia ndani nikakaa na Mama, mkono wake ndani ya wangu. Injini ya Hemedi ilipolia nje, Mama kafumbua macho.

"Limewaka?"

Injini ya lori la Baba ilikufa nikiwa darasa la sita.

"Limewaka, mama."

Alisikiliza. Mlio ukapanda kilima, ukabadilisha gia, ukapotelea barabara kuu. "Leo kawahi," kasema. "Kiwila kuna foleni ya makaa." Akageukia ukutani akalala, amekunjua uso kama hana maumivu.

Nimemdanganya mama yangu na ningemdanganya tena.

Nje pamebaki mstatili wa udongo mweusi. Nyasi hazijawahi kuota pale.

Jumanne, 23 Julai

Mama amekwenda. Saa tatu asubuhi. Nilikuwa nakoroga uji.

Alhamisi, 25 Julai

Tumemzika.

Waliochimba walisema udongo unanuka oili hadi futi mbili. Walikuta nati, vipande vya kioo, na spana namba kumi na saba. Baba aliitafuta spana ile miaka, hadi akamchapa Gwakisa akidhani kaiuza. Walipompa mkononi, Gwakisa, mtu mzima mwenye wajukuu, alikaa chini kwenye lundo la udongo akalia kwa sauti. Mimi nilishindwa kulia. Nilikuwa na aibu kubwa kuliko machozi.

Sababu ni picha. Msibani waliulizia picha ya Mama, ya kuweka juu ya jeneza. Wote wakanigeukia mimi, nani mwingine? Nimewapiga bibi zao, ndama wao, vyeti vyao vya ubatizo. Nimepekua studio, simu, kompyuta. Sikuwa nayo. Mama hakupenda kukaa kwenye kiti cha studio, alisema taa zinamchoma, na mimi nikasema tutapiga siku nyingine. Nimekuza ile ya kitambulisho. Kakunja uso, nukta nukta kila mahali, kama mtu aliyekamatwa. Imekwenda hivyo mbele ya kanisa zima.

Shangazi kasema, "Kinyozi hajinyoi." Alitaka kunifariji. Imenichoma.

Jumapili, 28 Julai

Wageni wameondoka. Masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe. Nimeamka saa moja na nusu kwa mazoea, nikatoka na kamera, nikasimama mbele ya kaburi bichi. Nikarudi ndani.

Dada wa Dar katuma ujumbe wa pole, na chini yake kauliza picha zitafika lini. Sikumjibu. Kisha nikaona sina haki ya kumkasirikia, hakumjua Mama. Nimemtumia zile kumi na mbili. Aziweke ukutani, watu wa Dar wakisie ni ramani ya wapi.

Jumapili, 4 Agosti

Nimekwenda studio ingawa ni Jumapili. Nilitaka kufuta vitu, kompyuta imejaa. Nikaanza na faili la Mbovu.

Sikufuta.

Zimo sitini na tatu. Mlango wa kushoto, kutu imelowa, na juu yake kivuli chake. Kilemba kimeinama upande kama alivyokifunga siku zote. Bega. Kwenye nyingine mkono umenyooka mbele, na mwisho wa mkono kikombe. Kwenye chache amesogea nusu, ndiyo kwanza nimemfukuza. Kwenye inayofuata amerudi. Tarehe zote zipo pembeni, asubuhi kwa asubuhi, miaka miwili. Alisimama pale siku zote hizo, chai ikipoa mkononi mwake.

Nimelia hadi nikafunga mlango wa studio.

Jumatano, 7 Agosti

Nimechapa moja, ya tarehe 3 Juni, yenye mkono na kikombe. Kubwa. Sikuikata popote, sikuongeza mwanga. Nimeitundika ukutani na zile za mfano, kati ya maharusi na mtoto wa kipaimara.

Leo kaja mchuma chai, mama mtu mzima, anataka picha nne za pasipoti. Alipokuwa anasubiri aliitazama. Akauliza ni nini.

"Mama yangu," nikasema.

Akasimama, akaisogelea, akaitazama vizuri. "Alikuwa anakuletea chai," akasema.

Nikamwonyesha kiti. Akakaa, akaweka kilemba sawa. Nikampiga nne za pasipoti, kisha nikampiga moja ya ziada, bure, akiwa anacheka.