Samaki Niliosema Nimewala

Baba,

Kumbikumbi wametoka juzi. Mvua ilinyesha usiku kucha huku kwetu juu, asubuhi jua likapiga, na kufika saa nne walikuwa wanamiminika kutoka kile kichuguu cha nyuma ya choo. Kuku wa Mama walikula mpaka wakashindwa kukimbia. Nilijua kabisa ungekuwa wapi saa hiyo. Ungeacha chai nusu kikombe, ungekuwa unateremka kwenda mto Rupingazi na mkebe wako, na Mama angekuwa anakusindikiza kwa maneno. Imetimia miezi kumi tangu tukuzike pale kando ya majani chai.

Kuna jambo sikukuambia ukiwa hai, na nimechoka kulibeba. Nalisema sasa hivi kabla moyo haujanigeuka. Wale samaki uliokuwa ukiniletea mjini Embu kila mwezi, miaka tisa, sikuwala. Hata mmoja. Hata mkia sikuonja.

Haya, nimesema.

Usidhani nilikudharau. Nililelewa katika jiko la Mama, na katika jiko la Mama samaki ni nyoka wa maji. Watu wengi wa rika lake huku kwetu wako hivyo hivyo, na wewe ulimwoa ukijua. Ndiyo maana ulikuwa na sufuria yako nyeusi isiyo na mshikio, ukaificha mtoni chini ya mwamba. Ulipika huko, ukala huko, ukasukutua mdomo, ukarudi nyumbani ukitembea kama mtu aliyetoka kilabuni na hataki kujulikana. Mama alikunusa kutoka mlangoni. "Kaa huko nje kwanza upigwe na upepo," alikuwa akikuambia, na kweli ulikaa. Mimi nilikuwa nikicheka ndani mpaka machozi yananitoka.

Nilikufuata mtoni tangu darasa la tatu. Kazi yangu ilikuwa kubeba chambo. Nilipenda kila kitu cha mto isipokuwa mwisho wake. Ulipochukua kisu kupasua tumbo la samaki, mimi nilikumbuka ghafla kwamba kuna maua sijayachuma. "Mama, kuja uonje," ulikuwa ukiniita, kwa vile nimebeba jina la mama yako na hukuwahi kuniita Igoki. Nami nilikujibu kwamba nimeshiba. Hukunilazimisha. Ulikula peke yako ukiangalia maji.

Kisha nikapata kazi ya ofisi mjini, nikapanga nyumba katika mtaa wa Dallas, hapo hapo Embu. Jumamosi ya kwanza ulifika na kiondo, ukiwa njiani kwenda kliniki ya presha. Ndani ya kiondo mlikuwa na majani ya nduma, na ndani ya majani samaki wawili wa aina ya trauti, bado wana ubaridi wa mto. Uliangalia meko yangu ya gesi, ukaangalia sufuria zangu mpya, ukatabasamu mpaka pengo likaonekana. "Sasa uko na jiko lako," ulisema. "Hakuna mtu wa kukufukuza." Niambie, Baba, mtu anakataaje hapo? Niliwapokea kwa mikono miwili. Jioni ulinipigia simu ukaniuliza, "Huyo samaki alikuwa aje?" Nikasema alikuwa mtamu sana.

Aliyewala ni Mama Akoth, jirani yangu mlango wa pili, yule fundi wa nguo aliyezaliwa kando ya ziwa. Nilimwambia, "Baba yangu amekutumia." Aliwageuza mkononi akauliza, "Hawa wenu wa mlimani mbona wana madoa? Kwani walishikwa na surua?" Lakini aliwala, na kesho yake alikuja kunisimulia. Nilimsikiliza kwa makini kuliko ninavyomsikiliza mhubiri, kwa sababu nilijua utauliza tena.

Ikawa hivyo. Yeye akisema amewakaanga kwa nyanya na dania, mimi nakuambia nimewakaanga kwa nyanya na dania. Yeye akisema mifupa ya mgongo imelegea vizuri, mimi nakuambia hivyo hivyo na kutia chumvi kidogo. Ulifurahi ukaanza kunipa mtihani. Aliyevuliwa kwa chambo cha panzi na wa nyungunyungu, nani alikuwa na nyama ngumu? Wa Julai je, hana mafuta kuliko wa Novemba? Nilikuwa nikikuambia ngoja nifikirie, halafu namwendea Mama Akoth cherehani ikiwa inakimbia. Naye alijua! Huyo mama alikuwa akionja samaki anakuambia mto ulikuwaje.

Kuna mwaka alisema wa Aprili wana harufu ya tope. Nami kwa ujinga wangu nikakufikishia. Mwezi uliofuata ulikuja na samaki safi, ukaniambia kwa majivuno kwamba siku hizi mvua ikianza unapanda hadi karibu na msitu, huko maji hayajachafuka. Ni mwendo wa saa nzima kupanda, kwenye matope, na wewe na presha yako. Ningesema ukweli siku hiyo. Nilifungua mdomo, kisha nikakuona unavyopanguza viatu mlangoni, na nikafunga mdomo. Daktari alisema ni kiharusi, kingekuja tu, na ulikuwa kitandani kwako. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Bado nakiona kile kilima.

Siku ya mazishi watu walipewa nafasi ya kusema. Mama Akoth alikuwa amekuja na wanawake wa ploti yetu. Akasimama, akajifunga leso, akashika maiki. "Huyu mzee tulikuwa tunasalimiana tu mlangoni," alisema, "lakini miaka tisa amenilisha samaki kila mwezi, na mimi si mtoto wake, si kabila lake. Mungu amlaze pema." Watu wakasema amina. Wengine walilia. Mama aligeuka kwenye kiti chake akanitazama, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Hakuniuliza siku hiyo. Aliniuliza kesho yake tukisugua sufuria za kukodi. "Kwani wewe hukuwa unakula?" Nikasema sikuwa. Alisugua kwa muda mrefu sehemu ambayo ilikuwa imeshatakata. Kisha akaniambia kwamba kila ukirudi kutoka Embu ulikuwa unaimba kuanzia kwa geti. Kwamba ulikuwa unamwambia, "Wewe kataa tu. Mtoto wangu anakula."

Baba, nilienda nyuma ya nyumba nikalia kama nimezaliwa siku hiyo.

Nimemuuliza Mama kama anadhani ulijua. Anasema hajui. Desemba ile ya mwisho uliniletea watatu badala ya wawili, ukasema, "Huyu wa tatu mpatie jirani." Nimeligeuza neno hilo huku na huku mpaka limeniumiza kichwa. Labda ulijua. Labda ulikuwa tu na samaki watatu. Nimeacha kulitafuta, maana nikiamini kwamba ulijua nitakuwa nimejisamehe haraka sana.

Nilichoamua ni hiki: nitavua samaki mmoja kwa mkono wangu, kwa njia zako, nimle. Nikachukua kibali cha uvuvi, nikachukua ule mwanzi wako wa kuvulia uliokuwa juu ya dari, na kila mara nikija nyumbani Jumamosi ninateremka mtoni.

Nilianza masika, wakati mbaya kuliko wote. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa na yanapiga kelele. Nilikumbuka ulivyosema, kwamba mto ukifura samaki hakai katikati, anajibanza nyuma ya jiwe kubwa, au pale kijito kidogo kinapoingia na maji yake safi. Nilichimba nyungunyungu wekundu kwenye mbolea ya ng'ombe, uzi nikaufanya mfupi, kidole juu yake nisikie. Nilisikia kweli, mara mbili. Mara ya kwanza nilivuta mapema. Mara ya pili nilivuta nikateleza, nikakaa ndani ya maji hadi kiunoni na ndoano ikaenda zake. Mama aliponiona nimerudi vile alisema, "Mvuvi mmoja ameenda, na Mungu amenipa mwingine." Lakini alinichemshia maji.

Julai ndiyo uliyoipenda wewe, na mpaka leo sielewi kwa nini. Ukungu haupandi, vidole havisikii, na hakuna mdudu hewani. Nilichukua manyoya ya shingo ya jogoo na uzi mweusi wa Mama, nikatengeneza inzi wako wa bandia. Wa kwanza alifanana na uchafu wa mfukoni. Ulisema Julai mtu asijichoshe asubuhi, asubiri ule muda mfupi wa mchana jua linapochungulia, na hapo arushe juu kabisa ya kidimbwi amwache inzi ateremke mwenyewe bila kuvutwa. Nilisubiri. Jua likachungulia. Nikarusha, nikanasa sweta yangu mgongoni, na kabla sijajinasua jua likaondoka. Nilicheka peke yangu pale, halafu nikaona ni mara ya kwanza nacheka tangu Januari. Pengine ndiyo sababu uliipenda.

Kiangazi bado sijakijaribu. Nakumbuka tu magoti yako. Maji yakiwa machache na maangavu ulikuwa ukitambaa kwa tumbo kwenye nyasi ili kivuli chako kisifike mtoni, na panzi ulikuwa umewakamata alfajiri wakiwa bado wamekufa ganzi. Suruali zako zote zina viraka vya magoti. Mama amezitoa zote isipokuwa moja, na hataki kuulizwa juu ya hiyo moja.

Juzi basi, kumbikumbi walipotoka, nilijaza mkebe nikakimbia. Nilifika kwenye kidimbwi kile kipana chini ya daraja la miti. Nilifanya kama ulivyokuwa ukifanya, nikarusha kiganja kimoja cha kumbikumbi bila ndoano, nikangoja. "Walishe kwanza, wakuzoee." Pua moja ikatokeza. Nikarusha kingine. Zikatokeza tatu. Mara ya tatu nilitia ndoano kwenye mmoja mwenye mabawa yake mazima, nikamwacha aelee kati ya wenzake, na Baba, sikupumua. Maji yalifanya duara dogo. Nilihesabu moja, mbili, kama ulivyonifundisha, ndipo nikainua.

Ni mdogo. Ningekuonyesha ungesema tumrudishe kwa mama yake, ingawa anafika kipimo cha sheria, nimempima. Sufuria yako bado iko chini ya mwamba lakini imetoboka, kwa hiyo nikampeleka nyumbani. Mama akasema jikoni haingii. Sikubishana. Niliweka mawe matatu uani, karai kuukuu, mafuta. Nilimpasua mwenyewe, nikatapika mara moja kando ya mgomba, nikarudi nikaendelea. Mama alisimama upande unakotoka upepo, leso puani, ila alikuwa ameniletea chumvi kwenye kiganja.

Nilikula. Tonge la kwanza lilikwama, nililisukuma kwa maji. La pili nililitafuna. Nilikula nikilia, nikala mpaka mkia, nikalamba vidole, kwa sababu Mama alikuwa anatazama na sikutaka pawe na kitu cha kusimulia uongo. Mama akanyoosha mkono akasema, "Lete kidogo nione kilichomfanya mzee wangu ashinde kwenye baridi." Nikampa kipande kama ukucha. Akakiweka mdomoni, akakitafuna akiwa ameangalia juu, akakitema kwenye majivu. "Nilikuwa sawa miaka yote," akasema. Kisha akavuta kibao akaketi karibu nami, na hakuniambia nipigwe na upepo.

Mama Akoth nilimwambia ukweli wote jana nilipoteremka mjini. Alisimamisha cherehani. Nilidhani atanifukuza. Aliniuliza tu, "Kwa hivyo mzee hakuwahi kujua ni mimi nilikuwa nasifu?" Nikasema sidhani. Akasema basi nikuandikie, nikuambie kwamba wa Julai hakuwa na mpinzani, na kwamba maneno yale yote yalikuwa ya kweli, ila mwenye maneno ni yeye. Nimekufikishia, na mara hii simo katikati.

Sasa nikuage, Baba, maana nimeandika hadi mkono unauma na barua hii nataka kuisoma kwa sauti pale kando ya majani chai, Mama akiwa amepeleka majani kituo cha kupimia chai, asinisikie. Pumzika. Mto ni mzima. Nakuahidi kila msimu nitavua mmoja kwa njia yako, nimle, nije nikuambie. Sitasema ni mtamu kama si mtamu. Huyu wa juzi, Baba, sikumpenda.

Mwanao,
Igoki